Afya ya jamaa: Mkono unaolala kabla ya mwenyewe



Miezi miwili iliyopita, baada ya mkutano wa chama, mama mmoja alinivuta pembeni. Ni mshonaji, wengi wenu mmevaa nguo alizozishona. Akanyoosha mkono wake wa kuume mbele yangu, akasema: "Mama muganga, mkono huu unalala kabla yangu. Usiku wa manane unaniamsha, unawaka kama niliupaka pilipili. Naukung'uta, unatulia. Asubuhi kikombe cha chai kinaniponyoka, na sindano nikiishika siisikii."

Nikamuuliza imeanza lini. Miezi saba, akasema. Na katika miezi hiyo saba, je, alikwenda kituo cha afya? Hapana. Jirani alimwambia kwamba ni sumu ya watu, wanamwonea wivu kwa sababu ya mashini mpya. Akapelekwa kwa mtu wa kuchanja, akachanjwa chale kwenye kifundo cha mkono mara tatu, na pesa iliyokuwa ya masomo ya mtoto ikaishia huko.

Nikamwomba aweke mikono yote miwili mezani, viganja juu. Mkono wa kushoto ulikuwa na nyama yake nzuri chini ya kidole gumba. Mkono wa kuume, mahali pale pale, palikuwa pamebonyea kama shimo dogo. Hapo nikaelewa kwamba tulikuwa tumechelewa.

Haikuwa sumu. Ulikuwa mshipa wa fahamu uliobanwa. Na kwa kuwa wengi wetu tunafanya kazi za mikono, magoti na mabega kutwa nzima, leo nataka tuzungumze juu ya mishipa hii: inavyotembea mwilini, inavyoumia, na namna ya kuisikiliza mapema.

Mshipa upi?

Kwetu neno "mshipa" linabeba mambo mengi. Tunaita mshipa ile njia ya damu. Tunaita mshipa ile kamba ngumu inayounga nyama na mfupa, ambayo jina lake ni kano. Na tunaita mshipa huu wa fahamu, unaopeleka habari. Ndio unaouambia ubongo kwamba sufuria ni ya moto, na ndio unaorudisha amri kwamba kidole kiachie. Ukikatika, mkono unakuwepo lakini haujui kitu wala hautii amri.

Watu wengi wanadhani mishipa hii imetulia tu ndani ya mwili kama waya wa umeme uliopigiliwa ukutani. Sivyo. Fikiria kamba unayoipitisha ndani ya pindo la suruali ya mtoto. Ukivuta upande huu, inateleza ndani ya pindo. Mshipa wa fahamu nao unateleza hivyo katikati ya nyama na mifupa. Ukikunja na kukunjua kifundo cha mkono, mshipa mkubwa unaopita hapo unasogea kama sentimita moja. Ukiinama kulima, mfereji ulio ndani ya uti wa mgongo unakuwa mrefu kwa sentimita 5 hadi 9 kuliko unapojinyoosha kwa nyuma, na uti wa fahamu ulio ndani yake pamoja na mizizi yake lazima ufuate.

Inawezekanaje isikatike? Kwa sababu nyuzi zilizo ndani ya mshipa hazikunyooka kabisa. Zimelala kwa mawimbi, kama uzi wa triko la zamani uliofumuliwa. Ukivuta, kwanza mawimbi yananyooka. Uzi wenyewe bado haujavutika. Tena nyuzi hizo zimefungwa mafungu mafungu ndani ya ngozi nyembamba lakini imara, na kati ya mafungu kuna mafuta laini kama mto wa kulalia. Mshipa wa fahamu umeumbwa kwa ajili ya mwendo.

Jaribu wewe mwenyewe

Simama wima. Nyoosha mkono mmoja pembeni, kwa urefu wa bega, kiganja kikitazama juu. Sasa polepole peleka vidole vielekee chini, kama unayemzuia mtu kwa kiganja. Utasikia kuvutwa kidogo kwenye mkono. Sasa inamisha kichwa upande wa pili, mbali na mkono huo. Kuvutwa kunaongezeka, sivyo? Rudisha kichwa kielekee upande wa mkono. Kunapungua.

Umeona? Mkono haukuusogeza, ni shingo tu. Lakini habari imefika hadi vidoleni, kwa sababu ni kamba moja inayotoka shingoni mpaka ncha za vidole. Ndiyo maana mama anaweza kuwa na shida shingoni na akaisikia kwenye kidole. Fanya jaribio hili kwa upole, na mara moja tu. Kama mkono wako tayari unakufa ganzi, usilifanye.

Inavyoumia

Mshipa wa fahamu unakula. Chakula chake kinaletwa na mishipa midogo sana ya damu inayotembea juu yake na ndani yake. Ukiuvuta kupita kiasi, mishipa hiyo midogo inabanika, kama mpira wa maji uliovutwa ukawa mwembamba. Mwaka 1973, waganga wawili wa Göteborg, kule Uswidi, Göran Lundborg na Björn Rydevik, walipima jambo hili kwenye mguu wa sungura. Waliona kwamba mshipa ukirefushwa kwa sehemu 8 katika 100, damu inaanza kwenda polepole. Ukifika sehemu 15 katika 100, damu inasimama.

Kubana kunafanya vilevile. Mwaka 1981, waganga wa Marekani wakiwa na Richard Gelberman walipima nguvu ya kubana ndani ya kifundo cha mkono, kwa kipimo kile kile tunachopimia tansio. Kwa watu wazima wenye afya walikuta 2 na nusu. Kwa wale wenye mkono unaokufa ganzi walikuta 32, na hapo mkono umepumzika tu. Kifundo kilipokunjwa, kipimo kilipanda mara mbili na zaidi.

Sasa shikeni jambo hili, maana ndilo kiini cha maneno yangu yote ya leo: mshipa hauumizwi na mwendo. Unaumizwa na kuvutwa au kubanwa kwa muda mrefu bila kuachiwa. Ukikaa kwenye kiti kigumu mguu ukafa ganzi, ukisimama ukatembea, damu inarudi, mguu unachoma kidogo, halafu unapona. Hakuna ubaya. Lakini ukibana mahali pamoja kila siku, saa nyingi, mwezi baada ya mwezi, mshipa unavimba, unashikamana na nyama za pembeni, na haututelezi tena. Kuanzia hapo hata mwendo wa kawaida unauvuta vibaya. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho ni cha maumivu.

Mahali panne pa kuangalia

*Kifundo cha mkono.* Hapa kuna njia nyembamba: chini ni mifupa, juu ni utepe mgumu. Ndani yake zinapita kano tisa za vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Kano zikivimba kwa kazi nyingi, mshipa hauna pa kukimbilia. Ganzi inakuja kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole kidogo kinabaki salama, na hiyo ni alama nzuri ya kuitambulia. Inazidi usiku, kwa kuwa tunalala tumekunja kifundo. Inawapata wanawake kuliko wanaume: wanaoshona, wanaokamua nguo nyingi, wanaoshika mchi wa kutwangia sombe kwa muda mrefu. Na wenye mimba, hasa miezi ya mwisho, kwa sababu mwili unahifadhi maji. Kwa wengi wao inapungua baada ya kuzaa.

*Kiwiko.* Ule mshipa unaopita nyuma ya kiwiko, ambao ukijigonga unapigwa kama na umeme, ndio wa kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete. Ukikunja kiwiko, unavutwa. Ukiegemea meza kwa kiwiko, unabanwa. Anayeshika simu sikioni kwa saa nzima anauvuta na kuubana pamoja.

*Goti.* Upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti, kuna kifundo cha mfupa unachoweza kukishika. Mshipa wa kunyanyua wayo unazunguka hapo, karibu sana na ngozi, juu ya mfupa. Mama anayechuchumaa kutwa nzima akivuna maharagi anaubana. Anaweza kusimama jioni na kukuta wayo unaning'inia, vidole vinakwaruza njia. Hata katika kuzaa, mama aliyekaa muda mrefu amekunja magoti sana na kuyashika kwa nguvu anaweza kuamka kesho yake na mguu wa namna hiyo. Si laana ya uzazi. Ni mshipa uliobanwa.

*Bega na shingo.* Bidoni ya lita 20 ina kilo 20. Ukiibeba kwa mkono mmoja kupanda mlima, bega linashushwa na mishipa inayotoka shingoni kwenda mkononi inavutwa. Mkanda mwembamba wa mzigo ukikaa juu ya bega, unaibana kwa juu. Dada zetu wanaobeba magunia kwenye milima ya Bukavu wanajua vizuri ule mkono unaokuwa mzito kama si wao. Siwaambii waache, najua mzigo huo ndio unaoweka chakula mezani. Nawaambia: panueni mkanda, wekeni kitambaa kilichokunjwa chini yake, badilisheni upande, na tueni mzigo kabla ya ganzi, si baada yake.

Neno fupi juu ya watoto na sindano

Katika tako unapita mshipa mkubwa kuliko yote mwilini, unaoshuka hadi mguuni. Sindano ikichomwa mahali pabaya, ncha yake au dawa yenyewe inaweza kuujeruhi. Watoto wengi wa Afrika wamebaki na mguu wa kuburuza kwa sababu ya sindano ya kinini iliyochomwa tako na mtu asiyefundishwa. Kwa hiyo usimruhusu muuza dawa amchome mtoto wako nyumbani. Malaria isiyo kali inatibiwa kwa dawa ya kumeza. Malaria kali ni ya kituo cha afya au hospitali, mbio. Utaona pia kwamba chanjo nyingi za mtoto mchanga zinachomwa kwenye paja, upande wa mbele na nje: ni kwa sababu mshipa huo mkubwa haupiti hapo. Mtoto akianza kuburuza mguu baada ya sindano, usingoje juma lipite.

Ngazi tatu

Mwaka 1943, wakati wa vita, muganga mpasuaji Mwingereza Herbert Seddon aliyatenga majeraha ya mishipa katika ngazi tatu, na hadi leo waganga wanazitumia.

Ngazi ya kwanza: mshipa umebanwa, habari haipiti, lakini nyuzi ni nzima. Ukiuachia, unapona kwa siku, majuma, au miezi michache.

Ngazi ya pili: nyuzi za ndani zimekatika, lakini ala yake imebaki. Uzi unaota tena ndani ya ala, kama mche unaofuata fimbo. Lakini unaota kwa milimita moja hivi kwa siku. Hesabu mwenyewe: kutoka chini ya goti hadi kwenye wayo ni kama sentimita 30. Hiyo ni milimita 300, yaani siku 300, karibu miezi kumi. Anayekuahidi kwamba mguu huo utapona kwa juma moja anataka mfuko wako.

Ngazi ya tatu: mshipa wote umekatwa, kwa mfano kwa panga au kwa chupa. Huo hauwezi kujiunga wenyewe vizuri. Unahitaji mpasuaji, na mapema.

Kwa nini mapema? Kwa sababu nyama isiyopata habari kutoka kwa mshipa inakonda. Ikikaa hivyo zaidi ya mwaka mmoja, mwaka na nusu, inakuwa vigumu sana kuamka tena, hata mshipa ukifika. Lile shimo nililoliona chini ya kidole gumba cha mama mshonaji ni nyama iliyokuwa imeanza kusahau.

Tufanye nini nyumbani?

Vunja kazi vipande vipande. Kila nusu saa, simama, kunjua mikono, nyoosha miguu, geuza shingo polepole. Dakika moja inatosha. Katika shamba, badala ya kuchuchumaa tu, kaa kwenye kigoda kidogo, halafu simama, halafu badilisha goti.

Usiku, kifundo kilale kimenyooka. Chukua kipande cha katoni ngumu, kizungushie kitambaa laini, kifunge chini ya kifundo na kiganja kwa kitambaa kipana. Kisikaze, vidole viwe huru, na rangi yao isibadilike. Lala nacho kila usiku kwa majuma sita, si siku mbili.

Mchana, utelezeshe mshipa kwa upole. Funga ngumi. Kunjua vidole vinyooke. Peleka kifundo nyuma kidogo. Fungua kidole gumba. Geuza kiganja juu. Halafu rudi mwanzo. Mara tano, asubuhi na jioni. Ukisikia kuwaka, umepita kiasi: rudi nyuma. Zoezi hili linasaidia mkono unaoanza, lakini halitoshi kwa mkono uliokwisha kukonda.

Na chale tuziache. Wembe juu ya kifundo cha mkono uko karibu sana na mshipa ule ule unaouma, na wembe unaotumika kwa watu wengi unaleta magonjwa mengine.

Wakati wa kutongoja

Nenda kituo cha afya kama ganzi haiondoki mchana wala usiku. Kama vitu vinakuponyoka. Kama nyama inabonyea. Kama wayo hunyanyuki. Kama kidonda cha panga kimeacha vidole bila kusikia.

Kimbia siku ile ile kama mkono na mguu wa upande mmoja vinalegea ghafla, au mdomo unapinda: hiyo ni shida ya ubongo, si ya kifundo. Kimbia pia kama miguu yote miwili inalegea pamoja, au huwezi kuzuia mkojo. Na ukiona doa kwenye ngozi lisilosikia unapoligusa, usilifiche: inaweza kuwa ukoma, ambao unaharibu mishipa ya fahamu, na unatibika. Wagonjwa wa sukari nao wanakufa ganzi miguuni, wapimwe.

Mama yetu mshonaji alikubali. Tulikwenda pamoja kituo cha afya, wakamtuma hospitali. Amelala na kifundo kilichofungwa majuma sita, na binti yake anashona saa za mchana ili yeye apumzike. Usiku sasa analala. Kuwaka kumepungua. Lakini lile shimo chini ya kidole gumba halijajaa, na muganga amemwambia kwamba huenda atahitaji kupasuliwa kidogo, kuufungua ule utepe mgumu ili mshipa upumue. Tena hakumwahidi kwamba nguvu yote itarudi.

Juzi aliniambia: "Kama ningalikuja mwezi wa kwanza, ningalifunga katoni tu." Ni kweli. Ameniruhusu niandike habari hii kwa ajili yenu, bila jina, ili mwenye mkono wa mwezi wa kwanza aisome leo.

Mkono ukikuamsha usiku, usiukasirikie. Unakuomba kitu kimoja: uuachie kabla haujanyamaza.

Tuonane juma lijalo.